Mlimau, Mjafari na Kipepeo: Bustani za Kilwa katika Historia

Mwezi wa Julai, mwaka 1505, msafara wa merikebu za Kireno ulioongozwa na Francisco de Almeida ulitia nanga Kilwa Kisiwani. Mji ulivamiwa na kuporwa, na mtawala wake, Amiri Ibrahimu, akakimbia. Mambo hayo yanajulikana, nayo yamekwisha kuelezwa na wanahistoria wengi. Lakini katika maelezo ya safari hiyo yaliyoachwa na Hans Mayr, Mjerumani aliyekuwa katika merikebu moja ya msafara ule, kuna kifungu ambacho aghalabu wasomaji hukipita upesi ili wafike kwenye habari za dhahabu na mizinga. Nacho ni kifungu cha bustani. Mwandishi huyo aliona machungwa matamu na malimau, mboga, vitunguu vidogo na majani ya harufu nzuri, vyote vikioteshwa bustanini na kumwagiliwa maji ya visima. Aliona na mtambuu, mmea utambaao uliosimikiwa miti ya kupandia. Miaka michache baadaye Mreno mwingine, Duarte Barbosa, naye alivisifu viunga vya Kilwa kwa matunda na maji yake matamu.

Wageni hao waliandika yale yaliyowafaa: kinacholiwa, kinachonukia na kinachouzika. Makala haya yanakusudia kuuliza swali ambalo wao hawakuwa na sababu ya kuliuliza: katika bustani ile yenye milimau na michungwa, ni nani mwingine aliyekuwa akila? Jibu tunaweza kulitoa bila ya kubahatisha sana, kwa kuwa mlaji huyo angali nasi. Ni kiwavi, na baada ya kiwavi, kipepeo.

Washairi wetu wamemtendea kipepeo nusu ya haki yake. Wanamwona juu ya ua, kwa hiyo wanamhesabu kuwa ni mtoto wa maua. Mpenzi asiyetulia, aonjaye hapa akahamia pale. Hilo si kosa, bali ni sehemu ya mwisho tu ya umri wake. Kipepeo hufyonza utamu wa ua, lakini hakulelewa na ua. Kabla ya kuwa na mbawa alikuwa kiwavi, na kiwavi hula majani. Tena hali majani yoyote. Kila aina ina mti wake au jamii yake ya miti, na ikikosa mti huo hufa kwa njaa hata kama imezungukwa na bustani nzima ya mawaridi. Kipepeo jike anapotafuta mahali pa kutaga hutua juu ya jani na kulionja kwa miguu yake. Likiwa silo, huruka akaenda kwingine. Likiwa ndilo, huacha yai na kuondoka, wala harudi tena kuangalia wanawe. Malezi yote ameyakabidhi kwa mti.

Tumtazame mmoja ambaye kila mtu wa pwani amewahi kumwona, hata kama hakumjua jina. Wataalamu humwita Papilio demodocus. Ni mkubwa, mweusi, mwenye mabaka ya manjano hafifu, na mabawa yake ya nyuma yana madoa mfano wa macho. Jike hutaga kwenye majani machanga ya mlimau, mndimu, mchungwa na mchenza. Kiwavi anapokuwa mdogo ni wa rangi ya kahawia na nyeupe, na mtu akimtazama kwa haraka atasema ni kinyesi cha ndege kilichodondoka juu ya jani. Ndege naye husema hivyo hivyo, akamwacha. Akikua hugeuka kijani, akafanana na jani lenyewe. Na ukimgusa hutoa nyuma ya kichwa chake pembe mbili laini zenye rangi ya machungwa na harufu kali ambayo hufukuza adui. Watoto wengi wameigusa harufu hiyo kwa vidole vyao kabla ya kuijua asili yake.

Sasa hapa ndipo historia inapoingia. Kipepeo huyu ni wa Afrika. Mlimau na mchungwa si wa Afrika. Asili yao ni Asia, na waliletwa na njia zile zile za bahari zilizoleta vyombo vya kaure na vitambaa. Tunajua kwamba walikuwapo pwani zamani sana kabla ya Mreno, kwa kuwa Ibn Battuta, aliyepita huku mwaka 1331, aliitaja milimau miongoni mwa miti ya Mombasa, kisha akaendelea na safari yake hadi Kilwa, wakati wa Sultani al-Hasan bin Suleiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib. Basi kipepeo aliyetangulia mlimau kuwapo katika pwani hii alikuwa akila nini?

Alikuwa akila miti ya nyumbani iliyo ya ukoo mmoja na mlimau. Mmojawapo ni mjafari, mti wenye miiba minene iliyovimba juu ya gome, ambao waganga wetu wanaujua vyema kwa mizizi na magamba yake. Mtu akilivunja jani la mjafari akalinusa, atatambua mara moja kwamba pana udugu kati yake na limau. Kipepeo alilitambua hilo kabla ya wataalamu wa mimea kuuandika ukoo huo vitabuni. Siku mlimau wa kwanza ulipooteshwa karibu na kisima cha mji wa pwani, kipepeo jike wa msituni alitua juu ya jani la kigeni, akalionja, na akaukubali ule ugeni kuwa ni undugu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni nadra methali hiyo kuthibitika kwa uwazi kama inavyothibitika juu ya jani la mlimau.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu linatuonya dhidi ya fikra mbili. Ya kwanza ni ile isemayo kwamba kila mmea uliotoka ng'ambo ni mvamizi. Mlimau unaipinga. Ya pili ni ile isemayo kwamba mmea wowote wenye maua mazuri unatosha kuitwa rafiki wa vipepeo. Hiyo hupingwa na bustani nyingi za hoteli zetu za pwani, ambamo maua ya rangi yamepangwa kwa ustadi, na vipepeo wanaoonekana humo ni wapita njia waliozaliwa kwingine. Wakiisha kule walikozaliwa, na bustani hizo zitakuwa tupu.

Lakini tusiisifu bustani ya kale bila ya kuuliza ilitunzwa na nani. Maji ya kisima hayajipandishi yenyewe. Maelezo yale yale ya mwaka 1505 yanasema kwamba watumwa walikuwa wengi Kilwa, nao ndio waliofanya kazi mashambani. Na karne ya 18 na ya 19 zilipowadia, Kilwa, kwanza Kisiwani na kisha Kivinje, iligeuka kuwa mojawapo ya milango mikubwa ya biashara ya watu. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa, na misafara iliyotoka pande za Ziwa Nyasa iliendelea kumiminika pwani kwa miongo mingi baada ya hapo. Anayeandika habari za viunga vya Kilwa na kuiacha habari hii huwa ameandika habari za maua bila ya mikono.

Tena kupanda kwenyewe kumewahi kuwa amri. Kuanzia mwaka 1902 utawala wa Wajerumani ulilazimisha vijiji vya kusini kulima mashamba ya pamba. Watu walitolewa katika mtama na mpunga wao wakapelekwa kulima zao lisiloliwa, kwa malipo yasiyostahili kuitwa malipo. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, watu waliing'oa mipamba, na kutokana na kung'oa huko vita vya Maji Maji vikaanza. Tangu siku za Almeida ilikuwa imetimia miaka 400 kamili. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita vikiwa vichanga, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Vita hivyo viliimbwa kwa tungo za utenzi na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, kwa hiyo wapenzi wa ushairi hawana haja ya kukumbushwa uzito wake.

Nasema hayo ili msomaji asidhani kwamba kuchagua mmea wa kuotesha ni jambo dogo. Katika pwani hii watu wamewahi kupanda kwa kulazimishwa na kung'oa kwa kufa. Kwa hiyo mtu wa Kilwa au wa Lindi anaposimama leo katika ua wake, akachagua kwa hiari yake kupanda mti ambao faida yake ya kwanza ni ya kiumbe mwingine, hafanyi mchezo. Anatumia uhuru ambao babu zake waliugharimia.

Basi achague nini? Jibu linategemea kanuni tuliyokwisha kuiona: kwanza jani, kisha ua.

Mlimau na mndimu ni vya mwanzo, na ni vyepesi, kwa kuwa vimo tayari katika viambo vingi. Linalotakiwa ni subira tu: mlimau mkubwa unaweza kulisha viwavi kumi na wakati huohuo ukazaa malimau ya nyumba nzima. Mche mchanga ndio unaohitaji kulindwa, na kuulinda hakuhitaji dawa. Viwavi huhamishwa kwa mkono hadi mti mkubwa.

Wa pili ni mwingajini. Mmea huu huota wenyewe kandokando ya njia, una maua ya manjano na maganda marefu, na jina lake linatosha kueleza kwa nini wazee waliuacha uote karibu na nyumba. Si jini tu anayehusika nao. Vipepeo weupe na wa manjano wale ambao nyakati nyingine huonekana wakipita kwa mamia wakielekea upande mmoja, kana kwamba wameitwa, hutaga juu ya jamii ya mwingajini. Wataalamu huwaita Catopsilia florella. Kila tunapoufyeka mwingajini kwa kuuita gugu, tunafunga kituo kimoja katika safari yao.

Wa tatu ni mtopetope-mwitu, ule mdogo wa porini wenye matunda ya manjano yanukiayo ambayo watoto huyaokota. Huulisha ukoo mwingine wa vipepeo wenye mabawa membamba na mwendo wa kasi, walio weusi na weupe. Na hapa nitaje ndugu mmoja wa mtopetope ambaye wapenzi wa mashairi wanamjua zaidi kwa pua kuliko kwa macho, yaani mkilua. Kilua kimetiwa katika vikuba, kimefungwa katika nywele, na kimesifiwa na watunzi wa kila kizazi. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea, Bernard Verdcourt, alipoueleza mti huo kwa taratibu za kisayansi, aliuona hauingii katika jenasi yoyote iliyokwisha kutajwa. Akaupa jenasi yake peke yake, na jina lake la Kiswahili akalifanya kuwa jina lake duniani: Mkilua fragrans. Ni miti michache iliyoingia katika daftari la sayansi ikiwa bado imevaa kanga ya nyumbani.

Pamoja na hiyo iachwe mimea miwili mitatu ya utomvu mweupe ambayo ng'ombe huikwepa. Kipepeo wa rangi ya kutu mwenye ncha nyeusi na weupe, Danaus chrysippus, hulelewa na jamii hiyo, na sumu ya utomvu huo humwingia mwilini ikawa kinga yake. Ndege akimjaribu mmoja hamjaribu wa pili.

Baada ya majani ndipo yaje maua. Yaliyo bora kwa vipepeo ni yale yanayochanua mchana, yenye tundu jembamba lenye utamu, yaliyopandwa mahali penye jua na pasipopigwa na upepo wa kusi. Asumini usiondolewe, ila tuujue ulivyo: weupe wake na harufu yake ya usiku huwaita nondo zaidi, nao wana haki yao. Liwepo na bakuli la mchanga ulioloweshwa maji, kwa kuwa vipepeo dume hupenda kutua penye unyevu wakafyonza chumvi. Ndiyo maana tunawakuta kwenye tope la kisimani. Na embe lililoanguka likaoza lisifagiliwe lote, kwani wapo vipepeo wakubwa wa msituni wasiojali maua kabisa, ambao mapenzi yao ni tunda lililochacha na tembo lililomwagika.

Najua pingamizi litakalotolewa. Ua uliofagiwa ni heshima ya nyumba ya Kiswahili. Mwanamke anayeamka alfajiri akafagia hadi mchanga ukabaki na michirizi ya ufagio hafanyi hivyo kwa kuchukia viumbe. Anawaepusha wanawe na nyoka, nge na mbu, na anamwonyesha mpita njia kwamba nyumba ina watu. Sisemi ufagio utupwe. Nasema ibaki pembe moja, nyuma ya kisima au kando ya ukuta, ambayo ufagio na panga havifiki, na ambayo haipuliziwi dawa ya wadudu. Dawa hiyo haina macho. Humwua mbu na kiwavi kwa pumzi moja.

Lingekuwa jambo la anasa kulisema haya kama misitu ingekuwa salama. Mkoa wa Lindi una mabaki ya misitu ya pwani ambayo wataalamu wa dunia nzima wanayathamini kwa viumbe wasiopatikana kwingine. Uwanda wa Rondo na misitu ya Litipo, karibu na ziwa Lutamba, imetajwa katika maandishi ya wakusanyaji wa mimea tangu miaka ya 1930. Jan Kielland, aliyechapisha mwaka 1990 kitabu kikubwa kuhusu vipepeo wa Tanzania, alionyesha kuwa nchi hii ina aina zaidi ya 1,300. Lakini mkaa, mbao na mashamba mapya yanaendelea kuila misitu hiyo vipande vipande. Bustani ya nyumbani haiwezi kuwa badala ya msitu. Wapo vipepeo wasioishi ila katika kivuli cha msitu mkongwe. Inachoweza ni kuwa daraja kati ya kipande na kipande, na kuwa darasa kwa mtoto ambaye kesho ataamua kama msitu ubaki.

Kwamba darasa hilo linawezekana, ushahidi uko kaskazini mwa pwani hii hii, tena ndani ya magofu yaliyo ndugu wa magofu ya Kilwa. Mwaka 1993, katika eneo la mji wa kale wa Gede, nchini Kenya, ulianzishwa mradi ulioitwa Kipepeo. Wakulima wanaoishi pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao wengi wao walitamani msitu huo ugawiwe kuwa mashamba, walifundishwa kufuga vipepeo na kuuza vifukofuko vyao kwa nyumba za maonyesho za ng'ambo. Somo la kwanza walilopewa halikuwa la kipepeo, bali la mti: bila ya kuotesha chakula cha kiwavi hakuna cha kuuza. Tanzania ilifuata mfano huo huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, na Unguja kikafunguliwa kituo cha vipepeo huko Pete, karibu na Jozani, mwaka 2008. Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilipozuia usafirishaji wa wanyama hai kwenda nje, wafugaji wa Amani walipoteza soko lao. Tukio hilo linatufundisha kutoiegemeza bustani juu ya biashara peke yake. Soko hufungwa kwa waraka mmoja. Mlimau hautegemei waraka.

Kilwa nayo ina nafasi yake. Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyahifadhi. Sehemu ya kazi hiyo ni kukata miti, kwa kuwa mizizi hupasua kuta, na ukuta ulioanguka haurudi. Kazi hiyo ni ya lazima, wala simtetei mti uliopanda juu ya mihrabu. Lakini kati ya gofu na gofu, na katika viambo vya watu wanaoishi Kisiwani hadi leo, pana nafasi ya kutosha kuurudishia mji ule kitu ambacho maandishi yanathibitisha kuwa ulikuwa nacho: mlimau karibu na kisima, mrehani mlangoni, mtambuu juu ya miti yake. Na kando yake tuongeze ule ambao haukuandikwa, mjafari, kwa sababu huo ndio mwenyeji aliyempokea mlimau.

Mgeni anayetembelea Kilwa huonyeshwa jiwe, na jiwe linastahili. Lakini jiwe ni sehemu ya mji iliyokwisha kufa. Yule kipepeo mweusi mwenye mabaka ya manjano anayekatiza juu ya Msikiti Mkuu wakati wa jua kali ni wa ukoo uliokuwa ukiruka hapo kabla msikiti haujajengwa, na mazao yake yalikula katika bustani ambayo Mreno aliikuta. Ukimwona, mfuate kwa macho hadi utakapojua anakwenda kutaga wapi. Kama ni juu ya mlimau wa mtu, basi mwambie mwenye mlimau kwamba majani yaliyotoboka si ugonjwa.